Maswali kwa Mwalimu: Tajiri akiandika sheria peke yake, uchumi unaenda wapi?

Mwezi uliopita niligusia katika safu hii kwamba matajiri hawaidumazi nchi kwa kuwa matajiri. Wanaidumaza pale wanapobaki peke yao kwenye meza ya kuandika sheria, kisha wakazitumia sheria hizo kuwazuia wengine wasiinuke. Barua zimemiminika. Wapo walionipongeza, wapo walioniita mjamaa niliyeachwa na basi, na yupo aliyenishauri nirudi kusahihisha madaftari, mambo ya wakubwa niwaachie wakubwa. Madaftari nimeyasahihisha ya kutosha, bwana. Nimechagua barua zenye hoja, nimezifupisha, na majina nimeyaficha kama ilivyo kawaida yetu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Mhadhiri wetu anasema nchi ikianza kukua, pengo la kipato lazima lipanuke kwanza, kisha litapungua lenyewe watu wakihamia viwandani. Kwa hiyo serikali ihangaike na ukuaji, usawa utakuja baadaye. Darasa zima tumenakili. Ni kweli?
– Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako hakuizua hoja hiyo, ila amekupeni nusu yake. Mwenye hoja ni mchumi Simon Kuznets, mwaka 1955, akitazama takwimu chache za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Alihisi kwamba pengo lilipanuka viwanda vilipoanza, akaona limepungua baadaye. Lakini katika makala hiyohiyo alionya kuwa alichoandika ni labda asilimia 5 ya taarifa na asilimia 95 ya kukisia. Onyo hilo ndilo ambalo halikufika kwenye madaftari yenu.

Sasa uliza: pengo lilipungua lini katika nchi hizo, na nani alilipunguza? Sehemu kubwa ya mporomoko ilitokea kati ya mwaka 1914 na miaka ya 1950. Hapo katikati zilipita vita kuu mbili zilizoteketeza mali, mfumuko wa bei ukazila hatifungani (karatasi za kuikopesha serikali) za wenye nazo, vyama vya wafanyakazi vikapata meno, na watu wasio na mali wakapata kura. Nchini Marekani, mwaka 1944, kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilifika asilimia 94. Hapo "lenyewe" liko wapi? Watu walikaa bungeni, wakabishana, wakapitisha, na mtu akalipa huku amenuna.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Uswidi, kwa sababu watu hudhani Waswidi walizaliwa wakiwa sawa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kura za serikali za mitaa nchini humo ziligawiwa kwa kadiri ya kodi na mali. Mwenye ardhi kubwa alikuwa na kura nyingi, na kampuni nazo zilipiga kura kana kwamba ni watu. Mijini kulikuwa na kikomo, lakini vijijini kwa miaka mingi hakikuwapo. Mwaka 1871 kulikuwa na halmashauri 54 ambako mtu mmoja tu alishika zaidi ya nusu ya kura zote. Hebu uone mkutano wa namna hiyo: mmekusanyika kujadili shule na barabara, mikono imeinuka ukumbi mzima, kisha bwana mmoja aliyekaa mbele anatikisa kichwa, na ajenda imekufa. Kura hizohizo za mizani ndizo zilizozaa baraza la juu la bunge la taifa. Kwa baraza la chini mwanamume alitakiwa awe na mali au kipato cha kiwango fulani, na aliyefuzu alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Wanawake hata wasitajwe.

Mwaka 1909 waliweka kikomo cha kura 40 kwa mtu. Mwaka 1918, baada ya maandamano ya njaa ya mwaka uliotangulia na huku Ujerumani jirani ikiwaka moto wa mapinduzi, wakubwa wakakubali mtu mmoja kura moja. Mwaka 1921 wanawake walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza, na kuanzia 1932 chama cha wafanyakazi kikashika serikali na kukaa nayo karibu mfululizo hadi 1976. Usawa tunaousifia leo ulifuata nyuma ya kura.

Ila sitaki nikudanganye kwamba walianza na mikono mitupu. Wakulima wadogo wengi wa Uswidi walimiliki mashamba yao, walikuwa na baraza lao katika bunge la zamani la matabaka manne, na sheria ya kanisa ya mwaka 1686 ilitaka kila mtu ajifunze kusoma. Kwa hiyo mlango ulipolegea, nje walikuwapo watu wenye kusoma, wenye kipande cha ardhi na wenye mazoea ya kukutana. Mkulima asiye na vitu hivyo vitatu anaweza kupewa kura leo, na kesho mwenye shamba akamwelekeza pa kuitia.

Mpelekee mhadhiri wako maelezo haya kwa adabu. Baada ya matokeo ya mtihani kutoka.

SWALI: Habari za kazi, Mwalimu. Mimi nina biashara yangu na siasa siitaki hata kuisikia. Mtu akijituma anapata. Wewe unawapa vijana visingizio tu.
– Mfanyabiashara asiye na chama

JIBU: Ndugu yangu, nzuri. Kujituma hakuna anayekupinga. Lakini twende Venice, mji wa bandari ulio Italia ya leo, ambao hakuna awezaye kusema wakazi wake walikuwa wavivu.

Kuanzia karibu karne ya 11, wafanyabiashara wa Venice walikuwa na mkataba wa safari walioutumia sana, ukiitwa colleganza. Ulikuwa hivi. Mzee mwenye fedha anabaki nyumbani, kijana asiye na kitu anapanda meli na bidhaa kwenda Constantinople au Alexandria. Kama mzee ametoa mtaji wote, faida ikirudi anachukua robo tatu na kijana robo. Kama kijana naye amechangia theluthi ya mtaji, wanagawana nusu kwa nusu. Mkataba ni wa safari moja. Mkirudi mnakaa, mnahesabu, mnaachana au mnaanza upya. Meli ikizama, mwenye mtaji amepoteza mtaji, na kijana akinusurika hadaiwi fedha ya mwenzake. Sasa piga hesabu zako za biashara: kijana mwenye akili, baada ya safari chache za robo faida, ana chake cha kuchangia. Baada ya nyingine chache, yeye ndiye anayebaki nyumbani na kutuma wengine.

Utajiri huo mpya haukukaa kimya. Watu hao ndio waliobana madaraka ya mtawala wao, Doge, na kuunda Baraza Kuu lililochagua viongozi. Kwa hiyo siasa na biashara zilipanda ngazi moja, pamoja.

Kisha ikaja 1297. Waliokuwamo barazani walipitisha utaratibu, unaojulikana katika historia kama Serrata, yaani kufunga, uliorahisisha kiti kwa waliokwisha kukaa katika Baraza miaka ya karibuni na kuuweka ugumu kwa wageni. Taratibu kiti kikawa cha kurithi. Mwaka 1315 ikafunguliwa orodha rasmi ya familia zenye haki, na baadaye hata vizazi na ndoa za familia hizo vikawa vinaandikwa ili asije akapenya mtu. Njia zenye faida kubwa za meli za serikali zikawekwa mikononi mwa walioandikwa. Ile colleganza iliyowainua babu zao ikafifia, kwa kuwa hawakumhitaji tena kijana wa robo.

Nakuomba uone ni nani waliofunga. Hawakuwa wavivu wala wakoloni kutoka nje. Walikuwa wajukuu wa watu waliojituma, kama wewe. Venice haikuanguka kesho yake. Iliendelea kung'aa karne mbili, na Wareno kufika India kwa bahari mwaka 1498 nako kuliiumiza. Lakini ule mtiririko wa majina mapya ulikauka.

Kama mambo ya zamani hayakugusi, chukua mikopo, kwa sababu najua wewe hukopa. Mwaka 1910 Meksiko ilikuwa na benki 42, na mbili kati ya hizo zilishika asilimia 60 ya rasilimali zote za benki. Miaka minne baadaye Marekani ilikuwa na benki zaidi ya 27,000. Si kwamba wanasiasa wa Marekani walikuwa watu wema. Walijaribu mara nyingi kugawa leseni kwa rafiki zao, ila kwa kuwa walipaswa kurudi kwa wapigakura, wenzao wa upande wa pili waliahidi kufungua leseni na wakawatoa. Rais Porfirio Díaz wa Meksiko hakuwa na wa kumtoa hadi bunduki zilipolia. Ukienda benki ukaambiwa riba, sehemu ya riba hiyo iliamuliwa na siasa usiyotaka kuisikia.

SWALI: Mwalimu, nimekupita umri kwa hiyo nisome kwa makini. Kila siku taasisi, taasisi. Hizo taasisi zilizowafukarisha watu wa mabara matatu, walizitunga wao? Au waliletewa kwa bunduki? Msiwabambikie waliopigwa kosa la aliyepiga.
– Mzee mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma kwa makini na kwa sehemu kubwa niko upande wako. Ninaposema taasisi namaanisha sheria na taratibu zinazoiongoza nchi.

Mwaka 1573 utawala wa Hispania huko kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, uliweka utaratibu wa kazi ya lazima ulioitwa mita kwa ajili ya mlima wa madini ya fedha wa Potosí, ambao leo uko Bolivia, na machimbo ya zebaki ya Huancavelica. Kila kijiji ndani ya eneo lililochorwa kilitoa kwa zamu moja ya saba ya wanaume wake wazima. Wanatembea hadi mgodini, wengi wanaliwa na vumbi na zebaki, wanaosalia wanarudi, wengine wanakwenda. Utaratibu huo ulifutwa 1812. Mchumi Melissa Dell akauchukua mpaka ule wa zamani na kulinganisha vijiji vya Peru ya leo vilivyo upande huu na upande ule, vikiwa jirani kabisa. Familia za ndani ya mpaka zina matumizi pungufu kwa karibu robo. Watoto wengi zaidi wamedumaa. Barabara ni chache. Mpaka wenyewe haupo tena kwenye ramani yoyote ya serikali.

Lakini kuna jambo katika utafiti huo ambalo huudhi watu wa kila upande, na mimi ndilo ninalolipenda. Huko nje ya mpaka hakukuwa na usawa hata kidogo. Kulikuwa na makabaila wenye mashamba makubwa mno. Ndani ya eneo la mita watawala waliwazuia makabaila wasistawi ili wasigombanie nguvukazi na migodi. Kwa hesabu ya ardhi peke yake, ndani kulikuwa na usawa zaidi kuliko nje! Ila kabaila, pamoja na ukatili wake, alitaka mazao yake yafike sokoni, akaisumbua serikali impelekee barabara, na barabara ikabaki hata baada yake. Dola ya mgodi haikuhitaji chochote kijijini isipokuwa wanaume. Ndiyo maana sikubali mtu anapoupima umaskini wa mahali kwa kipimo kimoja cha nani ana ekari ngapi. Natazama pia kama mwenye nguvu ana sababu ya kutaka mahali hapo pastawi.

Haiti nayo iko kwenye barua yako, ingawa hukuitaja. Watumwa walijikomboa wenyewe, wakatangaza uhuru 1804. Mwaka 1825 mfalme Charles X wa Ufaransa alituma manowari na kudai faranga milioni 150, fidia kwa waliopoteza mashamba na watumwa wao. Deni hilo baadaye lilipunguzwa hadi milioni 90, lakini Haiti ilikwisha kukopa kwenye benki za Ufaransa ili kuilipa Ufaransa, na minyororo ya mikopo ikaburutwa hadi 1947. Hapo hakuna la kumlaumu Mhaiti. Mzinga ulikuwa umeelekezwa bandarini.

Ila mzigo ukishatua mtu huamua nani aubebe. Waliobebeshwa ni wakulima wa kahawa, kwa ushuru wa kila gunia lililokwenda nje. Na mwaka 1826 serikali ya Rais Boyer ilitunga sheria ya vijijini iliyomfunga mkulima kwenye shamba la mwingine na kumzuia kutoka bila ruhusa, katika nchi ya watu waliopigana ili wasifungwe mashambani. Wenye kutunga walikaa mjini. Waliotungiwa hawakuwa na mjumbe. Mzee wangu, sidhani kusema hivyo ni kumbambikia aliyepigwa. Waliopigwa walikuwa wengi na waliobanwa na sheria ya Boyer ni haohao.

SWALI: Mwalimu, Korea Kusini iliinuliwa na wanajeshi. China ina chama kimoja. Taiwan nayo ilikuwa chini ya amri ya kijeshi. Mbona mnang'ang'ania kura?
– Msomaji mwenye mashaka

JIBU: Mdogo wangu, swali lako ndilo gumu kuliko yote hapa, kwa hiyo tusilikimbie.

Anza kabla ya wanajeshi. Mwaka 1945, wakulima wengi wa Korea walilima ardhi ya watu na kutoa karibu nusu ya mavuno kama kodi ya shamba. Kaskazini iligawa ardhi 1946, na Kusini ikaona kuwa isipogawa itawapoteza wakulima wake. Sheria ikatekelezwa 1950: asizidishe mtu takriban hekta 3 za shamba, ziada ichukuliwe na serikali na kuuzwa kwa anayelima. Makabaila walilipwa kwa hatifungani, vita vikalipuka Juni mwaka huohuo, mfumuko wa bei ukazitafuna karatasi zao. Tabaka lililokuwa na nguvu za kuzuia jambo lolote liliyeyuka katika miaka michache. Mkulima aliyebakiwa na mavuno yake akawapeleka watoto shule.

Taiwan ni hivyohivyo. Mwaka 1949 kodi ya shamba ilishushwa isizidi asilimia 37.5 ya mavuno. Mwaka 1953 ardhi ikahamishiwa kwa walimaji, na wenye mashamba wakalipwa asilimia 70 kwa hatifungani zilizopimwa kwa mpunga na viazi vitamu, na 30 kwa hisa za makampuni ya serikali. Kwa nini chama kilichotawala kiliweza? Wakubwa wake walikuwa wamekimbia kutoka China bara. Hawakuwa na majaruba ya mpunga kisiwani, hivyo walikata mkono usio wao. Ulinganishe na Ufilipino, ambako familia zenye mashamba makubwa zilikaa zenyewe kwenye Bunge. Sheria za ardhi zilipita moja baada ya nyingine, kila moja na matundu yake, na kura zilikuwapo muda wote huo. Nimekuachia hilo kwa hiari yangu: sanduku la kura peke yake halikutosha kuwashinda.

Kwa hiyo Jenerali Park Chung-hee alipopindua serikali 1961 alikuta nchi iliyokwisha kusawazishwa, watoto wako darasani, na hakuna kabaila wa kumpigia simu usiku. Huwezi kumpa yeye sifa zote za mbio hizo.

China? Ukuaji wake ulianza baada ya 1978, wakulima waliporuhusiwa kubaki na mavuno ya ziada ya kaya zao. Lakini chama kilekile, kwa madaraka yaleyale yasiyo na wa kuyazuia, ndicho kilicholeta njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni kwa makumi. Hapo ndipo mashaka yangu mimi yanapoanza. Ukiwa na mtawala asiyeondoleka, huchagui kama atakuwa Park au atakuwa Mobutu, na ukishampata Mobutu unakaa naye miaka 32.

Kuhusu takwimu, utafiti mkubwa wa mchumi Daron Acemoglu na wenzake uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba nchi zinazoingia katika demokrasia huwa na pato la kila mtu lililo juu kwa karibu asilimia 20 baada ya miaka kama 25, ukilinganisha na pale ambapo zingebaki kama zilivyokuwa. Si muujiza. Kwa mwaka mmoja huwezi hata kuuona. Na Korea Kusini yenyewe, tangu 1987 iliporudi kumchagua rais kwa kura za wananchi wote, haijarudi kwenye utawala wa kijeshi.

SWALI: Kaka Mwalimu, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Kina mama wengi tunaowahudumia hawajui kusoma. Kura yao inabadili nini hasa? Nipe kitu ninachoweza kukishika.
– Muuguzi

JIBU: Dada yangu, nina kitu kinachopimika kwenye mizani yako ya wodini.

Brazili iliwanyima kura wasiojua kusoma tangu sheria ya uchaguzi ya 1881. Wenye nchi hawakujenga shule za kutosha, kisha wakasema asiyesoma asichague, na asiyechagua hakuwa na namna ya kudai shule. Mduara huo ulikaa zaidi ya miaka 100, hadi 1985. Lakini hata kura ziliporudishwa, karatasi yenyewe ilikuwa mtihani. Kumchagua mbunge ilibidi uandike kwa mkono jina lake au namba yake. Mtu anaingia kwenye kibanda, anaitazama karatasi, anaandika vibaya au anaiacha tupu, anatoka. Amepiga kura, na hakuna aliyeihesabu.

Kisha ikaja mashine. Ina vitufe vya namba kama vya simu. Ukibonyeza namba ya mgombea, picha yake inatokea. Ukiona siye, unafuta. Ukiona ndiye, unabonyeza kitufe cha kijani. Katika uchaguzi wa 1998 mashine zilikuwa chache, zikapelekwa kwenye manispaa zenye wapigakura zaidi ya 40,500, na zilizo chini ya hapo zikabaki na karatasi; kufikia uchaguzi wa majimbo wa 2002 zote zilikuwa na mashine. Mchumi Thomas Fujiwara aliona bahati hiyo. Alilinganisha manispaa zilizokuwa juu kidogo na chini kidogo ya mstari, kisha akatazama majimbo yaliyopata mashine nyingi mapema.

Kura zilizoharibika ziliporomoka kiasi kwamba ilikuwa kama zaidi ya asilimia 10 ya wapigakura wamepewa haki upya, wengi wao wasio na elimu. Majimbo yakaanza kuelekeza fedha zaidi kwenye afya, ambayo ndiyo maskini wa huko waliyoitegemea serikali kuliko wenye bima. Mama wajawazito wasio na elimu wakahudhuria kliniki mara nyingi zaidi. Na watoto waliozaliwa chini ya gramu 2,500 na mama hao wakapungua. Kwa mama waliosoma hakukuwa na badiliko lolote, na hapo ndipo ninapousadiki utafiti huu: ingekuwa ni hospitali kuboreka tu kwa sababu nyingine, wangefaidika wote.

Hakuna chama kipya kilichoundwa wala mwanasiasa aliyeokoka. Kilichobadilika ni kitufe.

SWALI: Acemoglu, Johnson na Robinson walipewa Nobel ya uchumi 2024 kwa mambo haya ya taasisi. Kwa hiyo mjadala umekwisha?
– Msomaji wa magazeti

JIBU: La. Hoja yao iliyowapa jina zaidi inasema kwamba pale walowezi wa Kizungu walipokufa sana kwa magonjwa waliweka tawala za kunyonya, na pale walipoweza kuishi waliweka tawala zenye haki za mali, na alama hizo zimebaki. Mkosoaji David Albouy alionyesha kuwa kati ya nchi 64 walizotumia, nchi 36 zilipewa viwango vya vifo vilivyoazimwa kutoka nchi nyingine. Wengine wanasema walowezi hawakuja na katiba tu, walikuja na elimu yao vichwani, na huenda elimu ndiyo iliyofanya kazi. Mimi naona kina Acemoglu wako karibu na ukweli kuliko wapinzani wao, ila ile hesabu ya vifo nisingeifanya kuwa nguzo ya nyumba yangu.

SWALI: Taja nchi moja ya Afrika iliyofanya vizuri, na usitupambie.
– Mkereketwa

JIBU: Botswana. Ilipata uhuru 1966 ikiwa miongoni mwa nchi fukara kabisa duniani. Mwaka 1967 almasi ziligunduliwa Orapa, na mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyohamisha haki za madini kutoka kwa makabila kwenda kwa taifa. Rais Seretse Khama mwenyewe alitoka ukoo wa kitemi wa Bamangwato, ambao eneo lao lilikuwa na utajiri huo. Angeweza kuukumbatia. Alichokifanya ni kuwaondolea wakubwa wa kila eneo sababu ya kugombana, fedha zikaingia hazina, na kwa miongo mitatu uchumi wake ulikua kwa kasi ambayo nchi chache sana duniani ziliifikia.

Umesema nisipambe. Tofauti ya kipato nchini humo ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani hadi leo. Kipimo cha Gini, ambacho 0 ni usawa kamili na 100 ni mtu mmoja kuchukua kipato chote, kiko juu ya 50. Almasi huajiri watu wachache, na ng'ombe wengi wako mikononi mwa wachache. Taasisi zilizuia uporaji. Hazikugawa kipato, na hazikuzaa viwanda vya kutosha kuiondoa nchi kwenye utegemezi wa jiwe moja. Soko la almasi lilipoyumba mwaka 2023 na 2024, hazina ikayumba nalo. Mwishoni mwa 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kilishindwa uchaguzi, rais akakubali matokeo bila kelele, na Duma Boko akaapishwa. Anayetaka kuniuliza kama atafaulu, aniandikie atakapomaliza muhula.